Mahali Damu Inapoishia

Mdogo wangu wa kati alikuwa na tabia ya kuokota mabaki ya vitambaa chini ya meza yangu, kuyakata vipande virefu vyembamba na kuyaning'iniza juu ya bakuli la maji yenye wino, ncha tu ikigusa maji. Kisha alikaa akitazama wino ukipanda. Pamba nyepesi ya marekani iliupandisha haraka, kaki polepole, na kitambaa cha suti kiliukataa kabisa. Mwanzoni nilimuuliza anafanya nini. Baadaye niliacha, kwa sababu jibu lilikuwa refu na mimi nilikuwa nimechoka.

Ilikuwa mwaka 1993, Kigali, kwenye baraza letu la ushonaji pale Biryogo. Baba na mama walikuwa wamefariki katika ajali ya barabarani miaka kadhaa kabla. Mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu, nikaacha shule nikiwa mwaka wa kwanza wa sekondari na kukalia kiti cha baba. Cherehani ilikuwepo, wateja walikuwepo, na wadogo zangu walikuwa na njaa. Hapakuwa na mengi ya kufikiria. Wa kati, msichana, alikuwa na kichwa cha hesabu, akafika mpaka chuo kikuu. Kitinda mimba, msichana pia, hakupenda shule hata siku moja. Yeye alipenda cherehani. Alikuwa na miaka kumi na sita na tayari alinishinda kudarizi shingo za kanzu, akikanyaga kikanyagio huku anazungumza na wapita njia bila kutazama sindano.

Wakati ule masomo ya chuo yalikuwa yamesimama kwa sababu ya vita, na wa kati alikuwa nyumbani na kazi yake ya kumalizia shahada. Kazi yenyewe ilikuwa hesabu ya namna damu inavyopita ndani ya nyama ya mwili. Hakushughulika na mishipa mikubwa ambayo hata mchinjaji anaijua. Alishughulika na kule mwisho, ambako damu inajipenyeza kama maji katika nguo.

"Nyama ni kama kitambaa chako, Kaka," aliniambia. "Damu inasukumwa kutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye msukumo mdogo, na njiani nyama inaizuia. Kuna nyama inayozuia sana na kuna inayozuia kidogo. Nikijua msukumo, na nikijua nyama inazuia kiasi gani, naweza kukuambia damu kiasi gani itafika wapi."

"Na ukishaniambia?"

"Basi utakuwa umejua."

"Nitajua, halafu nitaendelea kupiga pasi."

Kitinda mimba alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa mbaya. Nyuma ya nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mlimani, palikuwa na ukuta wa mawe uliozuia udongo wa jirani wa juu usituangukie. Jioni moja kitinda mimba alitoka kuanua nguo, na ukuta ukashuka. Haukumfunika. Ulimshika mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Wanaume wa mtaani walitoa mawe kwa mikono, tukamlaza juu ya mlango wa jikoni tuliong'oa bawaba, tukambeba hadi barabarani alikopatikana mtu mwenye gari.

Hospitali za kwetu, mgonjwa haendi peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza kitandani, na mtu huyo analala uani kwenye mkeka pamoja na walezi wa wagonjwa wengine. Tuligawana. Asubuhi nilikata na kushona, adhuhuri nilisali, alasiri nilipanda mlima hadi hospitali na chakula, usiku nililala uani. Mdogo wangu wa kati alikaa naye asubuhi, akarudi nyumbani kupika mchana, akapanda tena baadaye. Kulikuwa na vizuizi vya barabarani siku hizo, na saa nyingine nilisimama na sufuria ya maharage mkononi, kitambulisho katika mkono mwingine, nikisubiri mtu amalize kunitazama. Nakukumbuka sana kule kusimama. Nilijifunza kufumba macho nikiwa wima.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, Mnyarwanda aliyesomea Zaire, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Alinitoa nje ya wodi akaniambia mambo waziwazi.

"Mfupa hauna shida, fundi. Mfupa nimeunganisha. Shida iko kwa mshipa, umepondwa. Sasa damu inatafuta vinjia vidogo vya pembeni. Vikitosha, mguu utaishi. Visipotosha, nitakata."

"Utakata wapi?"

"Juu ya goti. Huko damu iko, sina wasiwasi, kidonda kitafunga. Chini ya goti ni kubahatisha. Nikikata mahali damu haifiki vizuri, kidonda kinakataa kufunga, narudia kukata juu zaidi, na mara ya pili mtoto hana tena nguvu."

"Na goti lina maana gani, kama mguu umekwenda?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo zuri. "Mwenye goti, mguu wa bandia unamtii. Asiye na goti, anauburuta."

Nilirudi uani nikakaa karibu na jiko letu. Nilimweleza wa kati, neno kwa neno. Hakulia. Aliuliza tu, "Atasubiri mpaka lini?"

"Amesema homa ikipanda, au harufu ikianza, hatauliza mtu."

Kesho yake wa kati alimfuata daktari kwenye ukumbi. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba beseni. Alimweleza kwamba damu inatoka katikati ya mwili ikiwa na joto na inalipeleka kila inapofika. Nyama isiyopata damu inapoa mpaka inalingana na hewa ya chumba. Kwa hiyo akipima joto la mguu hatua kwa hatua, toka goti hadi vidole, anaweza kupiga hesabu kwa kurudi nyuma na kujua damu inafika kiasi gani na inaishia wapi.

Daktari alikuna shingo. "Mimi nilisoma hesabu, dada yangu. Nikaikimbia, nikajificha kwa damu. Leo imenifuata mpaka huku?"

"Haijakufuata wewe. Imemfuata mdogo wangu."

"Pima," alisema. "Usimguse kidonda, na usinicheleweshe."

Kipimajoto cha wodi hakikufaa. Kilianzia juu mno, kwa ajili ya homa za watu, na ule mguu ulikuwa baridi kiasi kwamba zebaki haikuinuka hata kidogo. Wa kati alikwenda mtaa wa Kicukiro kwa mwalimu wake wa zamani, akaazima kimoja kirefu cha maabara. Mimi nilimpa chaki yangu ya kukatia. Aliweka alama za buluu toka goti kushuka, juu ya kila alama akalaza kipimajoto, akakifunika kwa pamba, akasubiri. Alipima mguu mgonjwa, kisha ule mzima. Ule mzima, alisema, ndio utakaomfundisha namba za nyama ya mdogo wetu, kwa maana nyama ya mtu mwingine haimhusu.

"Unanipima kama gauni," alilalamika kitinda mimba.

"Tulia."

"Mara ya mwisho nilipopimwa hivi ilikuwa nguo ya Idi. Hii nitavaa lini?"

"Tulia, sha, unatikisa."

Hesabu alizipiga kwenye karatasi ya kaki ninayochorea ruwaza, akiwa amepiga magoti sakafuni kwa sababu hapakuwa na meza. Siku ya kwanza na ya pili mstari aliouchora ulishuka kwa ghafla katikati ya ugoko, na kutoka hapo hadi vidoleni ulilala. Siku ya tatu alipima mchana badala ya asubuhi, na vidole vilikuwa na joto.

Alipima tena. Vilikuwa na joto.

Nilipofika na chakula alinikimbilia mlangoni, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukimbia. "Inafika, Kaka! Vinjia vimefunguka. Imefika mpaka vidoleni!" Alikuwa na karatasi mkononi na mstari wake mpya ulikuwa umeinuka mwishoni kama mkia wa paka. Sikuelewa mstari. Nilimwelewa yeye. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nadhani ndipo nilipojua nilikuwa nimechoka kiasi gani, kwa sababu kwa muda mfupi sikuwa nimechoka.

Daktari alikuja, akaangalia karatasi, akaangalia mguu. Vidole vilikuwa vyeusi-vyeusi kama jana yake.

"Karatasi yako inasema hivi. Macho yangu hayaoni hivi."

"Kesho nitapima tena."

"Kesho pima tena. Na kesho kutwa. Asubuhi inayofuata nakata."

Kesho yake mchana vidole vilikuwa na joto zaidi. Na rangi ilikuwa mbaya zaidi. Mdogo wangu aliyatazama mambo hayo mawili, na niliona furaha ikimwondoka kidogo kidogo. Alisema palikuwa na kitu kisichomo katika hesabu yake. Akakaa akikitafuta kwenye karatasi, akifuta, akiandika, hata chakula hakula.

Hakikuwa kwenye karatasi. Siku ya mwisho hakwenda nyumbani kupika. Aliniambia nilete mkate. Nikafunga baraza mapema, tukakutana langoni, tukaingia wodini pamoja wakati wa adhuhuri, muda ambao kwa kawaida hakuwepo hata mmoja wetu.

Jirani yetu alikuwa ameinama juu ya kitanda. Ni mama aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, mwenye nyumba ya pembeni, ukuta kwa ukuta na yetu. Tangu mama yetu afariki hakuna msiba wala homa iliyotupata asifike. Chini alikuwa na sufuria ya maji yanayotoa mvuke, na mikononi kitambaa alichokikamua na kukizungushia vidole vya mdogo wetu, akikanda kama anavyokandwa mzazi.

"Mama, unafanya nini?" wa kati aliuliza.

"Namkanda mtoto. Ameganda kama samaki. Nyinyi mnamwekea chaki, mimi namwekea moto."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi, au juzi ile. Muuguzi akienda kula ndipo naingia. Yule ana mdomo."

Wa kati alikaa chini palepale sakafuni. "Nimekuwa nikipima sufuria yako, Mama," alisema. "Siku zote hizi nimekuwa nikipima sufuria yako."

"Yewe! Kwani moto umekuwa dhambi? Nimekanda wazazi wa mtaa mzima, hakuna aliyekufa!"

"Nyama ikipata joto inadai damu zaidi. Na damu haipo. Unaifanya idai kitu kisichopo."

Kitambaa kilikuwa bado kinatoa mvuke juu ya vidole, na mimi, kwa kutojua la kufanya na mikono yangu, nilikiondoa. Kiliniunguza. Nilikirudisha haraka katika sufuria, na hapo nikamtazama kitinda mimba usoni, kwa sababu hakuwa amelia wala kuvuta mguu.

"Hukusikia hiki?"

Alitikisa kichwa. "Sikusikia. Lakini nilipenda kuuona ule moshi, Kaka. Nilisema pengine kesho nitausikia moto wake."

Jirani alishika ncha ya kitenge chake akajifunika macho. "Ihangane, vumilia mwanangu," alisema, akimwambia yeye, akituambia sisi, sijui. Kisha alibeba sufuria yake akatoka.

Tulisubiri mguu upoe. Wa kati alipima toka mwanzo, polepole, na mara hii vidole vilikuwa sawa na hewa ya chumba. Mstari ukarudi pale pale ulipokuwa siku mbili za kwanza, ukaanguka katikati ya ugoko. Swali la unyayo lilikwisha. Likabaki la goti.

Alinivuta mpaka dirishani.

"Nikitumia namba za mguu mzima," alisema, "damu inatosha mpaka upana wa kiganja chini ya goti. Daktari anaweza kukata hapo na goti likabaki. Lakini nyama iliyopondwa imevimba, na iliyovimba inazuia zaidi. Inazuia zaidi kiasi gani, sijui. Nikiweka kiasi kidogo, goti linabaki. Nikiweka kingi, linakwenda. Nimepiga hesabu zote mbili, Kaka. Zote mbili ni safi. Hazina kosa."

"Wewe unaamini ipi?"

"Usiniulize mimi ninaamini nini. Mimi nampenda. Nitachagua namba ya kumpenda, halafu ataoza."

Mimi ndiye niliyekuwa badala ya baba. Daktari alitaka neno langu, na kila mtu pale alinitazama kama mtu mwenye neno. Sikuwa nalo. Nilikuwa na usingizi tu, na miguu iliyokuwa inauma kwa kupanda mlima, na nguo za watu zilizokuwa zimekatwa bila kushonwa. Nilirudi kitandani nikamweleza kitinda mimba yote, vile vile, habari ya juu na habari ya chini, habari ya kukatwa mara ya pili. Sikumpambia maneno. Alisikiliza akichezea uzi wa shuka.

"Wewe umesema nini?" aliniuliza.

"Sijasema."

"Dada je?"

"Anasema hajui."

"Dada hajui?" Alimgeukia dada yake kwa mshangao wa kweli, kwa sababu tangu utotoni hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akasema, "Basi wakate chini. Ikikataa wakate tena. Nitakayekatwa ni mimi, nyinyi mtakaa uani tu."

Nilimpelekea daktari neno hilo kama lilivyo. Aliniuliza kama ni langu. Nikasema ni langu.

Asubuhi alimwambia wa kati aonyeshe kipimo chake. Aliinama na chaki, akachora mara mbili akafuta mara mbili. Daktari akaichukua chaki akanipa mimi. "Wewe umezoea kitu cha mviringo. Anza pale alipoweka kidole. Mbele uchore hapa. Nyuma ushuke, uache nyama ndefu, mimi nitaikunja ije mbele ifunike mfupa. Kama pindo." Nilichora. Nimechora maelfu ya mistari ya chaki maishani, na mingi siikumbuki. Ngozi yake ilikuwa na vinyweleo vidogo vilivyoinuka kwa baridi ya chaki, hata chini kidogo ya mstari, na nilishikilia hilo kama mtu anavyoshikilia kamba. Pale palikuwa bado pana mtu.

Wakamchukua.

Uani walezi walikuwa wakipika kama kila siku. Jirani yetu alikuja na mkate na themosi ya chai, akakaa mbali kidogo. Mdogo wangu wa kati alimtazama kwa muda, kisha akasogea kwenye mkeka akampisha.

"Leo hunipimi?" aliuliza jirani.

"Leo nimechoka kupima."

"Basi kunywa chai."

Wakanywa kikombe kimoja kwa zamu. Mimi niliegemea ukuta. Nilikusudia kusoma dua, nikaanza, nikasahau nilipofika, nikaanza tena.

Daktari alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani. Alitupita mimi na jirani akaenda moja kwa moja kwa wa kati, akasimama mbele yake.

"Imetoka damu," alisema. "Pale pale kwa chaki. Nyekundu, nzuri, imenichafua mpaka hapa." Akamwonyesha mkono. "Sijui itafunga. Lakini ilitoka."

Sijawahi kuona mtu akifurahia damu hivyo. Jirani alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilisema alhamdulillahi, na kabla sijamaliza kulisema nilikuwa nimekaa chini, na nasikia nililala hapo hapo, mgongo ukutani, watu wakinipita na masufuria yao.

Kidonda hakikufunga upesi. Pembe moja ilifunguka, ikatoa maji, ikatutisha kwa majuma mengi. Daktari aliisafisha, akatikisa kichwa, akasema tusubiri. Tulisubiri. Mimi nilishona, nikapanda mlima, nikashuka. Hakuna siku moja ninayoweza kusema ndiyo kilipona. Kuna siku tu ambayo muuguzi alifungua bendeji akasema "iko kavu" akaenda kwa mgonjwa mwingine. Goti halikuguswa tena.

Mwaka uliofuata ulituletea yaliyoipata nchi nzima, na hayo si ya kuingizwa hapa kwa mistari miwili. Wadogo zangu wote wawili wako hai. Chuoni wa kati hakurudi mpaka muda mrefu ukapita. Lakini hesabu za mguu alizinakili upya zikiwa safi mwaka ule ule wa 1993, akiwa barazani, na kabla ya kuandika neno la kwanza aliweka kalamu chini akamgeukia mwenye mguu, aliyekuwa amekaa pembeni ya mlango na gongo lake, akidarizi shingo ya kanzu kwa mkono.

"Naomba ruhusa," alisema. "Nataka kukuandika. Joto lako, vipimo vyako, vyote."

"Na zile siku ambazo vilikuwa vya uongo?"

"Na hizo. Nitasema zilikuwa za uongo."

Kitinda mimba aliuma uzi kwa meno akaukata.

"Na ile namba uliyosema huijui, ya kuvimba?"

"Bado siijui. Nitaandika kwamba siijui, na kwamba aliyechagua si mimi."

"Andika basi," alisema, akatunga uzi mwingine. "Lakini usiandike kwamba nilikuwa jasiri. Niliogopa vibaya sana."